Mbao za paa chini ya bati zimechoka, nyumba ya zamani Mpwapwa: zipi zitoke, zipi zibaki?

Kibakwe_M

Wakuu, habari za kazi. Nyumba ipo Mpwapwa mjini, mkoa wa Dodoma, ilijengwa miaka ya 1950. Paa lake si la papi (mbao nyembamba za mlalo zinazoshika bati) na bati tu kama haya tunayopiga siku hizi. Juu ya kenchi, yaani mbao za mteremko zinazobeba paa, zimelazwa mbao za 1x8 (vipimo ni inchi) zimebanana ubavu kwa ubavu, kutoka kwenye fishabodi (ubao wa ukingo wa chini wa paa) mpaka kwenye kofia (bati la kileleni). Juu ya mbao kuna karatasi ya lami, halafu bati la mawimbi limepigiliwa moja kwa moja kwenye mbao hizo. Pande ni mbili, kila upande mita 10 kwa 5. Kenchi ni za 2x4, zimeachana sentimita 60. Barazani hakuna dari, mbao zenyewe ndizo unazoziona ukiinua macho, na za hapo zina ulimi na mfereji, ulimi wa ubao mmoja unaingia kwenye mfereji wa jirani yake.

Mpaka sasa tumefungua bati upande mmoja. Karatasi ya lami imekauka, ukiikunja inavunjika kama papadi. Kati ya ubao na ubao pana nafasi, sehemu nyingine kidole kinapita. Mistari miwili ya chini, ile inayokutana na gata (mfereji wa maji ya paa), ni laini. Kuzunguka dohani mbao zimekuwa nyeusi. Chumba cha nyuma kuna unga unadondoka, na kwenye kona moja ya ukuta kuna njia ya udongo ya mchwa inayopanda hadi juu. Misumari mingi ya mbao inang'oka kwa vidole.

Fundi wa kwanza anataka mbao zote zitoke, ipigwe plaiwudi. Wa pili anasema tupake oili chafu, turudishe bati, basi. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, hela ya kununua mbao za mita 100 za mraba hana, na mbao nyingi ukizigonga bado zinalia vizuri.

Naomba kujua: ubao wa kutoa natambuaje? Dawa gani? Misumari gani? Na bati lirudi vilevile juu ya mbao? Sasa ni Agosti, mvua za huku tunazitegemea Desemba.

---

PatasiNaRanda

Mkuu Kibakwe, msitoe zote. Mbao hizo zimekaa juu miaka 70 zikikauka, zimeshasinyaa na kupinda kadiri zilivyotaka. Ukizing'oa zikiwa nzima ukaweka paina iliyopasuliwa juzi, umeondoa kitu kilichotulia umeweka kinachocheza. Na plaiwudi ya kawaida, ile yenye gundi ya matumizi ya ndani, ikilowa mara mbili tatu inaachia matabaka.

Lakini usinunue hata ubao mmoja kabla hujajua maji yalipitia wapi. Ubao hauozi kwa uzee. Unaoza kwa sababu unyevu wake umepita asilimia 20 na ukabaki hapo muda mrefu. Dodoma mjini mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Ubao ukilowa huku unakauka wenyewe, mradi upepo unaufikia. Kwa hiyo palipooza, maji yanaingia kila mvua na hayana pa kutokea. Ukibadilisha ubao ukaacha njia ya maji, baada ya misimu michache utarudi palepale.

Mistari miwili ya chini: angalia bati linaishia wapi. Linatakiwa kuvuka fishabodi kwa sentimita 5 hivi ili maji yadondokee ndani ya gata. Likiishia sawasawa na fishabodi, tone linageuka, linatambaa chini ya bati na kulowesha ncha za mbao. Angalia pia mteremko wa gata. Vumbi la huku likijaa ndani, mvua ya kwanza linageuka tope, maji yanafurika kwa nyuma, upande wa mbao.

Dohani: bati la kuziba maungio lipande ukutani sentimita 15, na ukingo wake wa juu uingie ndani ya mfereji wa sentimita 2.5 uliochimbwa kwenye maungio ya tofali, uzibwe kwa mota. Wengi wanapaka saruji kwenye kona kati ya bati na dohani. Bati linatanuka mchana na kusinyaa usiku, dohani limesimama palepale, saruji inapasuka mwaka huohuo. Na upande wa juu wa dohani, ule unaopokea maji yote ya mteremko, panahitaji kigongo kidogo cha kugawa maji kushoto na kulia. Kisipokuwepo, maji na majani yanalala hapo.

Kisha misumari ya bati. Ikipigwa kwenye bonde la wimbi badala ya mgongo, kila tundu ni bomba. Simama chini ya paa mchana, jua likiwa kali, uone mwanga unapoingia, uweke alama kwa chaki.

Sasa kupima. Chukua bisibisi bapa na nyundo ndogo. Gonga ubao: mzima unalia "ko", uliokufa unalia "bu". Baada ya sauti, choma bisibisi kwa nguvu ya mkono tu kila sentimita 30, na usikose kwenye ncha, kwenye mistari ya misumari na kwenye kingo, maana kuoza huanzia huko. Ikizama zaidi ya milimita 5, sehemu hiyo itoke. Weusi peke yake usikutishe. Doa jeusi linalozunguka msumari mara nyingi ni kutu ya chuma imeingia kwenye mbao, chini yake ubao ni mgumu. Na kinyume chake: ubao wa penye gata unaweza kuonekana mzima kwa juu, ukiugeuza unakuta nyuzi zimekatika vipande vya mraba, umepasukapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Huo ukiusugua kwa kidole unakuwa unga wa kahawia. Hauna nguvu hata kidogo, asiukanyage mtu.

Ukitoa sehemu mbovu, vuka mpaka wa ulaini kwa sentimita 30 angalau, halafu endelea hadi katikati ya kenchi inayofuata. Kipande kipya kiegemee kenchi tatu, kisipungue mbili kwa hali yoyote. Weka kina cha msumeno wa umeme kuwa milimita 25, usije ukakata kenchi. Maungio ya mistari inayofuatana yasikutane kenchi moja. Kenchi ya 2x4 ina upana wa inchi 2, kwa hiyo kila ncha inapata inchi 1 tu ya kulalia, msumari wa hapo unapasua ubao. Ama toboa kwanza kwa drili ya milimita 2.5, ama pigilia kipande cha 2x2 ubavuni mwa kenchi ncha ipate pa kulala. Hiyo ya pili ndiyo imara.

Kabla ya yote zima swichi kuu. Nyumba nyingi za umri huo nyaya zimepitishwa kwa chini ya mbao hizohizo.

---

Mzee_wa_Nkuhungu

Oili chafu inafanya kazi jamani, mchwa haligusi. Lita 20 bei poa, unapaka kwa brashi pande zote, umemaliza. Mambo ya dawa za dukani ni gharama bure.

---

DawaNaMbao

Shikamoo mzee wangu. Kwa nguzo ya uzio naelewa kwa nini watu wanaitumia. Kwa paa ambalo watu wanalala chini yake, hapana, na nitaeleza kwa nini.

Oili chafu inakaa juu ya ngozi ya ubao. Ubao ukipasuka, na huku kwa jua la Oktoba lazima upasuke, mchwa anaingia kwenye ufa ambao haukupata oili. Pili, bati likishika moto wa mchana oili inalainika na kushuka kwenye nafasi za mbao. Kwenye baraza hilo lisilo na dari itadondokea watu na kuacha madoa yasiyotoka. Tatu, nyaya za umeme ziko hapohapo: mbao kavu ya miaka 70 iliyonyweshwa oili, cheche moja tu, moto hauzimiki kwa ndoo. Nne, ina mabaki ya metali kutoka ndani ya injini, na harufu yake inashuka vyumbani miezi na miezi.

Kibakwe, kwa mbao zinazobaki tumia boraksi na asidi ya boriki. Uwiano ni sehemu 6 za boraksi kwa sehemu 4 za asidi ya boriki. Kwa lita 9 za maji ya moto weka gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi, koroga mpaka maji yawe meupe safi bila chembe chini. Paka yakiwa bado na uvuguvugu, mikono miwili, wa pili kabla wa kwanza haujakauka kabisa ili dawa izidi kuzama. Lita 1 inapaka takriban mita 5 za mraba za ubao ambao haujapigwa randa. Paa lenu lote kwa mikono miwili ni lita 40, yaani kilo 2.4 za boraksi na kilo 1.6 za asidi. Piga brashi kwanza kutoa vumbi na kinyesi cha popo, na mkipiga brashi mloweshe kwa maji na mvae barakoa, kinyesi kikavu cha popo si kitu cha kuvuta puani.

Kasoro ya dawa hii ni moja: inayeyuka kwenye maji. Ikinyeshewa inaondoka. Kwa hiyo ipakwe, ikauke, ifunikwe kwa karatasi ya lami, na isitumike kwenye fishabodi au popote penye mvua ya moja kwa moja. Msiweke chombo chake karibu na watoto wala mifugo.

Mbao mpya nunueni zilizotiwa dawa kiwandani, zile za kijani. Kata kipande cha ncha mbele ya muuzaji uangalie ndani. Kijani kinatakiwa kimeingia, si mstari mwembamba wa juu kama rangi ya ukuta. Kila mnapokata, ncha mpya haina dawa, na ncha ndiyo inayonyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo ncha zipakwe upya kabla ya kupigilia. Na tafadhali sana: vipande vinavyobaki visiende jikoni. Dawa hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Mkipikia kuni za aina hiyo mnavuta sumu, na majivu yake ni mabaya zaidi. Fukieni mbali na bustani na kisima. Waambieni watoto na majirani, maana vipande vya mbao huku havilali nje hata usiku mmoja.

Mchwa wa kona: kumpiga dawa huko juu ni kazi bure, kiota kiko ardhini. Vunja kipande cha njia ya udongo, urefu wa kiganja. Ukikuta amekijenga tena baada ya siku chache, kundi lipo hai. Chimba mfereji wa sentimita 30 kwa 30 kuzunguka msingi, mwaga dawa ya mchwa ya ardhini kwa kipimo cha lebo, kwa kawaida ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita 1 ya urefu, na udongo unaorudisha nao uuchanganye na dawa. Penye kisima karibu usifanye, mwite mtu mwenye leseni. Ondoa pia kuni na matofali yaliyoegemezwa ukutani, hapo ndipo anapojificha kupanda.

Ule unga wa chumba cha nyuma usiuhukumu haraka. Fagia kabisa, tandika gazeti, zungushia kila tundu la ubao alama ya chaki, subiri wiki mbili. Unga mpya una rangi ya maziwa na tundu jipya lina kingo kali. Bungua wa unga laini anakula sehemu nyeupe ya mti, ile ya nje karibu na gome, na anaifuata ikiwa bado na wanga. Kwenye mbao ya miaka 70 mara nyingi amekwisha kufa zamani, unachoona ni unga wa kale unaotikiswa na nyundo zenu. Ila ukikuta si unga bali chembe ngumu kama ulezi, huyo ni mchwa wa mbao kavu anayeishi ndani ya ubao wenyewe, bila udongo. Ubao huo utoke wote.

---

Mzee_wa_Nkuhungu

Marahaba. Hilo la umeme sikuwa nimelifikiria, nakubali. Kwa uzio nitaendelea nayo. Lakini muulizeni kijana kama hilo la juu ni bati kote. Nyumba za enzi hizo stoo na jiko la nje mara nyingi ziliezekwa kwa karatasi za saruji za mawimbi.

---

Kibakwe_M

Asanteni sana. Ni kweli mzee, stoo ina karatasi za kijivu za mawimbi, nene, si chuma. Hatujazigusa.

Nimepima kama alivyoelekeza PatasiNaRanda, na upande wa pili tumeufungua leo. Mbovu ni mistari miwili ya chini pande zote mbili, kama mita 2 za mraba kuzunguka dohani, na vipande vya hapa na pale kama mita 2 nyingine. Bati kweli liliishia sawa na fishabodi. Kenchi mbili za karibu na dohani nazo ni laini upande mmoja, bisibisi inazama kama inchi moja kwenye ubavu wa juu. Naomba msaada wa hesabu ya vifaa, na namna ya kurudisha bati.

---

FundiPaa_Dom

Kwanza stoo. Karatasi za kijivu za saruji za miaka hiyo zichukulie kuwa ni asbesto mpaka ithibitike vinginevyo. Zikiwa nzima na hazivunjiki, ziacheni. Msizikate kwa msumeno, msizipige brashi, msizikanyage, msizioshe kwa maji ya presha. Zikilazimika kutoka, zilowanishwe, zifunguliwe zikiwa nzima, zifungwe kwa nailoni nene, na muulize NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) zinapelekwa wapi.

Hesabu. Mistari miwili ya sentimita 20 kwa mita 10 ni mita 4 za mraba, pande mbili ni 8. Ongeza 2 za dohani na 2 za hapa na pale, unapata 12. Ubao wa 1x8 futi 12 unafunika kama mita 0.73 za mraba, kwa hiyo ni mbao 17, na ziada ya asilimia 10 inafika 19. Bahati yenu ni kwamba futi 12 ni karibu mita 3.66, na nafasi sita za kenchi ni mita 3.6, kwa hiyo kila ubao unaishia kwenye kenchi na unapoteza sentimita 6 tu. Mstari wa kwanza anza na ubao mzima, wa pili anza na nusu (mita 1.8), maungio yatapishana yenyewe.

Zinunueni wiki hii, msisubiri Novemba. Mbao za paina zinazoshuka kutoka Mufindi zinafika sokoni zikiwa bado nzito kwa maji. Ubao mbichi wa inchi 8 unaweza kusinyaa hadi milimita 8 kwa upana. Zipangeni kivulini penye upepo, kila safu itenganishwe na vijiti vya inchi 1 vilivyoachana sentimita 60, vijiti vya juu visimame sawa na vya chini, na juu kabisa weka mawe. Kujua zimekauka, weka alama ubao mmoja, upime kwenye mizani ya mahindi kila wiki. Uzito ukiacha kushuka wiki mbili mfululizo, pigilia. Angalia mviringo kwenye ncha: upande wa moyo wa mti uwe juu. Ubao ukija kupinda utatuna katikati na kingo zitabana kenchi, badala ya kuwa bakuli la maji.

Misumari ya mbao iwe ya zinki, inchi 2.5, ili inchi 1.5 iingie kwenye kenchi. Mbao mpya piga mitatu kwa kila kenchi: nafasi za kukutana ubao na kenchi ni kama 8 kwa mita ya mraba, hivyo misumari 25, mara 12 ni 300. Mbao za zamani zinazobaki, mita 88, ongeza mmoja mpya kila kenchi, pembeni ya tundu la zamani, usirudi kwenye tundu lilelile kwa sababu kutu imeshakula nyuzi za mbao kulizunguka. Hiyo ni kama 730. Kilo moja ina misumari 220 hivi, nunua kilo 5. Ile ya zamani iliyogoma usiing'oe kwa nguvu ukapasua ubao, izamishe kwa panchi (chuma cha kusukumia kichwa cha msumari). Na ubao uliokunjamana kingo usiulazimishe kwa nyundo, toboa kwanza, vuta kwa skrubu taratibu.

Kenchi mbili za dohani: inchi 1 kati ya 4 imelika, hiyo ni robo, haitoshi kuachwa. Weka 2x4 mpya ubavuni, ivuke sehemu mbovu sentimita 60 kila upande, fungeni kwa bolti za milimita 12 zenye washa kubwa, kila sentimita 40, moja juu moja chini kwa kupishana. Kabla ya kukaza inua kenchi kwa jeki na nguzo inayosimama juu ya ukuta, au sakafuni juu ya ubao mpana, kamwe isiegemee dari.

Sasa bati. Lisirudi moja kwa moja juu ya mbao. Hapo ndipo kosa la paa hili lilipoanza: bati limelala juu ya karatasi, karatasi juu ya ubao, tone likipenya tundu la msumari linabanwa kati yao msimu mzima. Na kila msumari wa bati umetoboa karatasi na ubao. Kuna jambo jingine: mbao za kijani zina shaba, zikilowa zikigusana na bati la siku hizi linalochanganya aluminiamu na zinki, bati linatoboka kwa chini bila kuliona.

Pangeni hivi. Karatasi mpya ya lami kuanzia chini kwenda juu, ya juu ikilalia ya chini sentimita 10, maungio ya ncha sentimita 15, ya kwanza ishuke mpaka ndani ya gata. Kama roli ina mita 20 za mraba, ni roli 6 na hakuna kitakachobaki. Juu ya karatasi pigilia 1x2 zikishuka kwa mteremko, kila kenchi moja. Juu ya hizo, papi za 2x2 kwa mlalo, zimeachana sentimita 90. Mtu akikwambia uruke hizo 1x2 uweke papi moja kwa moja juu ya karatasi, kataa: kila papi itakuwa tuta linalozuia maji. Zile 1x2 ndizo zinazoacha mfereji wa inchi 1, maji yanashuka mpaka gata na hewa inapanda mpaka kofia. Ziba mdomo wa chini wa nafasi hiyo kwa wavu wa chuma, vinginevyo popo wamerudi. Chini ya kofia napo acha upenyo, nao uwekewe wavu.

Kenchi ni 18 kila upande kwa mita 5: mita 180 za 1x2, yaani vipande 50 vya futi 12, chukua 54. Misumari yake ni inchi 4 kila sentimita 45, kama 430, kilo 4.5. Hiyo nayo inabana mbao za zamani chini yake, ni faida ya pili. Papi ni mistari 7 kwa mita 10, mara pande mbili, mita 140, vipande 42. Papi inashikwa kwa msumari wa inchi 6 kila kenchi: inchi 2 za papi, 1 ya 1x2, 1 ya ubao, zinabaki 2 ndani ya kenchi. Wa inchi 5 utabakiza 1 tu, na upepo wa Dodoma utang'oa papi pamoja na bati. Jumla 252, kilo 8. Toboa papi kwanza.

Paa litapanda inchi 3. Kwa hiyo fishabodi iongezwe, gata ipandishwe, na bati la kuziba dohani lipimwe kutoka kimo kipya, si cha zamani. Wengi wanasahau hili mpaka siku ya mwisho.

---

Kibakwe_M

Nimeelewa, mkuu, Mungu akubariki. Limebaki la baraza. Mbao za ulimi na mfereji zimeoza tatu katikati. Nitaingizaje mpya bila kufungua upande wote?

---

PatasiNaRanda

Pasua ubao mbovu kwa urefu, katikati, kwa msumeno uliowekwa kina cha ubao wenyewe, mistari miwili iliyoachana inchi 2. Toa kipande cha kati kwa patasi, halafu nusu mbili zitatoka zenyewe bila kuvunja ulimi wa jirani. Ubao wa kwanza na wa pili unaingia kwa kawaida, ulimi kwenye mfereji. Wa mwisho ndio kazi: geuza ubao, mdomo wa chini wa mfereji wake uutoe kwa randa au patasi, ubaki mdomo wa juu tu. Ingiza ulimi wake kwanza upande wa pili kwa mshazari, kisha ushushe, mdomo wa juu utalalia ulimi wa jirani. Mtu wa chini ataona mstari mpana kidogo kuliko wa zamani, na ubao huo sasa upande huo unashikwa na misumari peke yake, kwa hiyo piga mitatu kila kenchi.

Randa mbao mpya kwa upande wa chini kabla ya kupanda, unene ulingane na za zamani. Pima kwa vibao viwili vya jirani, si kimoja. Na hapo barazani tumia zilizotiwa dawa ya boraksi tu, si za kijani, kama mzee anataka kuzipaka vanishi zifanane na nyingine. Misumari ya kushikia 1x2 eneo hilo ipite katikati ya kenchi kabisa, ikikosea kidogo ncha itatokeza barazani. Piga uzi wa chaki juu ya karatasi ya lami kwenye kila kenchi kabla hujaanza.